Mkanda wa Pili

Mitalawanda huachwa mlangoni, kila jozi na kibao chake cha namba,
kisha watu wa Matsumoto huingia na baridi yao,
hukaa mkekani goti kwa goti,
wakinunua njugu kwa Otsune,
ambaye husahau kurudisha chenji picha ikiwa nzuri.

Mimi hukaa kushoto kwa kitambaa:
meza ndogo, taa ya kijani, glasi ya maji.
Picha haina sauti; sauti ni mimi.
Mimi ndiye karani, mimi ndiye mkewe,
mimi ndiye mbwa anayewabwekea wote wawili.
Mwaka wa kumi na saba huu nalipwa kwa koo.

Juma lile tulileta kichekesho kutoka Tokyo,
mikanda sita, kimetolewa kwenye hadithi fupi
ya kijana wa papa hapa, mtoto wa karani wa posta.
Niliisoma. Kurasa tisa.
Baba anaweka rehani koti lake la baridi
ili mwanawe apate mkoba wa shule,
anarudi nyumbani usiku, kimya, mgongo wima,
na hadithi inaishia kwenye nyayo zake thelujini.
Nililia, na mimi si mtu wa kulia bure;
machozi yangu yana bei, sen kumi kwa kichwa.

Lakini watu wa studio hawauzi nyayo.
Mkanda wa pili wakamtelezesha kwenye barafu,
akapiga mweleka hadi ndani ya pipa la tofu,
akaibuka na kipande utosini kama kofia,
akampigia polisi saluti.
Meneja Kurokawa akaniambia: "Hapo wavunje mbavu.
Wasipocheka, chakula cha usiku jitafutie."

Usiku wa tatu nikawaona.
Shinkichi mwenyewe, miwani imeshika ukungu,
na ubavuni mama yake, Bi Hisano,
mjane mdogo kama birika, hajawahi kuingia sinema.
Mstari wa tatu. Nilimsikia anavyopumua.

Mkanda wa kwanza ukaenda salama.
Wa pili ulipoanza, koo likanikauka.
Nitamwitaje marehemu "bwege"
mbele ya mwanamke aliyemfulia soksi?
Karani akakata kona. Barafu ikang'aa.
Maneno yangu nilikuwa nimeyanoa siku mbili;
nikayameza pamoja na maji.

Akaanguka bila sauti.
Mpiga shamiseni akanitazama, akaziacha nyuzi.
Ikabaki projekta, ikitafuna utepe,
na Shinkichi ameinama kama anayesubiri bakora.

Ndipo kikaja kicheko,
si kile cha adabu, cha nyuma ya kiganja.
Kilitoka tumboni, kikakatika, kikaanza upya,
na Bi Hisano amesimama, kidole kwenye kitambaa:
"Ndiye! Ndivyo alivyoanguka!
Ila hayakuwa tofu. Zilikuwa figili za chumvi, dukani kwa Yasaburo,
akanuka hadi mwaka mpya!"

"Lakini mama, alitembea wima..."

"Maji ya figili yalimgandia mgongoni!
Angeinamaje? Wewe ulikuwa umelala,
asubuhi ukaona nyayo."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulishaamua kuwa alikuwa na huzuni."

Ukumbi ukapasuka. Otsune akamwaga chai.
Nami sauti ikanirudia, nikanguruma: "Figili! Jamani, figili!"
na tangu usiku ule, kila onyesho,
kile cheupe utosini mwa karani kikawa figili,
wala hakuna aliyebisha.
Shinkichi alivua miwani akaifuta, akaifuta,
hata taa zilipowashwa alikuwa bado anaifuta.

Siku hizi picha huja na sauti zake,
hazimngoji mtu ameze maji.
Mimi nagawa vibao mlangoni.
Bi Hisano huja kila Jumamosi, hunikabidhi mitalawanda yake,
hupokea namba, hainami hata kuitazama:
"Leo," huniuliza, "kuna mtu anaanguka?"